Hatua Mia Mbili za Modeste

Kwenye karatasi za serikali aliitwa Zihindula, kwa kuwa miaka ile ya Zaïre majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku. Lakini mama yake alimwita Modeste, mke wake Euphrasie alimwita Modeste, na Kadutu nzima, kutoka sokoni mpaka kule juu ambako njia inageuka ngazi, ilijua kwamba pikipiki ikianza kukohoa hupelekwa kwa Modeste. Alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole vinene vilivyokolea mafuta meusi yasiyotoka hata kwa majivu. Alitengeneza pikipiki za makatekista, za wauza vitenge, za wauguzi waendao vijijini. Yeye mwenyewe alitembea kwa miguu. Mfinyanzi hulia gaeni, wala hilo halikumsumbua. Lililomsumbua ni jingine.

Kila mwaka, katikati ya kiangazi, klabu moja ya mjini iliandaa mashindano ya pikipiki kwa watu ambao mashindano si kazi yao. Waliyaita Saa Sita za Muhumba. Timu moja, pikipiki moja, waendeshaji watatu wa kupokezana, kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni, kuzunguka barabara za Muhumba zinazoshuka hadi karibu na ziwa na kupanda tena. Mwisho wa siku kipaza sauti kilisoma majina ya waliomaliza, na kila aliyetajwa alipanda jukwaa la mbao, akapigiwa makofi, akashuka akiwa mtu mwingine kabisa.

Kwa miaka miwili Modeste alikuwa ameiandaa pikipiki ya timu ya mwalimu Léopold. Na ilikuwa pikipiki gani! Fremu ilitoka kwa katekista mmoja, injini kwa bwana shamba wa pamba kule Luvungi, tangi kwa mfanyabiashara aliyeingia mtaroni na pikipiki yake na kuapa hatapanda tena. Modeste aliviunganisha hivyo vitatu vikawa kitu kimoja kinachonguruma. Miaka yote miwili timu ilimaliza, miaka yote miwili majina yakasomwa, na miaka yote miwili Modeste alisimama chini ya jukwaa ameshika spana namba kumi na tatu. Hakuna anayemtaja fundi. Ni kama harusini: wote wanakumbuka nguo ya bibi arusi, nani anamkumbuka aliyechota maji?

Mwaka wa tatu, ule wa 1975, aliwaambia waziwazi kwamba mara hii ama anapanda, ama injini inarudi Luvungi. Léopold, ambaye alikuwa mwembamba, mwepesi, na mwenye tabia ya kunyoosha mambo kama anavyonyoosha mistari ubaoni, alikubali. Wa tatu wao, Cyprien, muuza vitenge mwenye tumbo na kicheko, alikubali pia. Wakapanga: Léopold saa mbili za kwanza, Cyprien saa mbili za katikati, Modeste saa mbili za mwisho. Yeye ndiye angevuka mstari. Euphrasie alifua shati jeupe, akalinyoosha kwa pasi ya makaa, akalibeba kwenye kikapu mpaka Muhumba ili mume wake alivae wakati wa kupanda jukwaani.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Saa tano, timu zote zilipoitwa kwenye mkutano wa kueleza masharti, waya wa klachi ulikatika mkononi mwa Modeste. Waya mpya haukuwepo. Duka la spea lililokuwa la mgeni mmoja lilikuwa limekabidhiwa mwananchi mwenye cheo asiyejua kutofautisha klachi na kamba ya kuanikia nguo, na rafu zake sasa zilikuwa na chumvi na sabuni. Modeste akalala chini ya pikipiki na waya wa breki ya baiskeli, akaanza kuufupisha kwa koleo. Mkutanoni walikwenda Léopold na Cyprien.

Na mkutanoni lilisemwa jambo moja ambalo yafaa lieleweke. Nchi nzima, enzi hizo, bendera ilipopandishwa asubuhi na iliposhushwa saa kumi na mbili jioni, filimbi ililia na kila kiumbe chenye miguu kilisimama. Gari lilisimama, mwenye mzigo alisimama na mzigo wake kichwani, aliyekuwa akimkimbiza mwizi alisimama, na mwizi vilevile. Hakuna kusema, hakuna kusogea, kofia mkononi, mpaka kitambaa kifike chini. Aliyejikuna alilala rumande. Sasa, katika barabara ya mashindano, kwenye kona iliyo hatua mia mbili kabla ya mstari wa mwisho, palikuwa na ofisi ya serikali, na mbele yake mlingoti wa bendera. Kwa hiyo mwaka ule klabu ilikuwa imeomba ruhusa, na ruhusa ilitoka: siku ile bendera itashuka saa kumi na mbili na nusu. Filimbi itakayolia saa kumi na mbili kamili ni ya mashindano tu, ya kusema muda umekwisha, kila mmoja amalizie mzunguko alio nao. Meza itafungwa dakika kumi baadaye, na timu itakayokuwa haijavuka mstari haitahesabiwa.

Léopold aliyaandika yote hayo kwenye kiganja chake kwa kalamu ya bluu ili amwambie Modeste. Kisha akavaa glovu.

Saa mbili za Léopold zilikwenda vizuri. Alishuka akiwa wa pili kati ya timu tisa, vumbi limemfanya mweupe kama aliyeanguka kwenye unga, na jasho limekwisha kukifuta kiganja chake. Cyprien akapanda, na hapo ndipo uchungu wa Modeste ulipoanza.

Cyprien hakuwa mwepesi, lakini alipendeza. Akinamama wa Muhumba waliokuwa wamekaa ukutani walimpungia mikono kila alipopita, naye akawapungia, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Saa kumi ilifika. Modeste alikuwa kando ya barabara, kofia ya kupandia kichwani, kamba imefungwa kidevuni. Cyprien akapita, akainua kidole kimoja: mzunguko mmoja tu. Akapita tena, kidole kimoja tena. Modeste alihesabu vidole vile mpaka vikafika vinane. Alisimama juani na kofia kichwani dakika arobaini, na watoto wakaanza kumwangalia kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Alikasirika. Zamu ya mtu inaliwaje hivihivi, mbele ya macho yake, na mwenye kuila anacheka?

Kwenye mzunguko wa tisa Cyprien hakuonekana. Alikuja akitembea, anaisukuma pikipiki, mnyororo unaburuzika.

"Imekatika yenyewe," alisema. "Mimi sikufanya kitu, mon cher."

Spana aliyotaka kumjibia Modeste aliipeleka kwenye mnyororo. Alipiga magoti na kofia yake kichwani. Akatoa pingili mbili zilizokufa, akauunga mnyororo kwa pini aliyoichonga kutoka kwenye msumari, akakaza gurudumu la nyuma, akajichoma kidole kwenye bomba la moshi. Mwendeshaji gani wa dunia hii hutengeneza pikipiki ndani ya saa zake mwenyewe? Alipowasha ilikuwa saa kumi na moja na dakika tano, na timu ilikuwa ya saba. Saa zake mbili zilikuwa zimebaki dakika hamsini na tano.

Lakini alipanda. Na hapa lazima nimtendee haki, maana hakuna mwingine aliyemtendea. Mtu huyu aliyeijua kila nati ya pikipiki ile aliiendesha kama anayezungumza nayo. Alijua ni wapi gia ya pili inasita, akaivuka kabla haijasita. Aliacha injini ivute yenyewe kwenye mwinuko ambako wengine walikuwa wakiikaba. Mteremko wa kwenda ziwani, ambako wenzake walibana breki, yeye aliushuka kama anavyoishuka Kadutu siku za kujaribu pikipiki za watu, katikati ya mbuzi na vikapu vya mihogo. Akawapita wa sita na wa tano kwenye vumbi. Akampita wa nne mbele ya kanisa. Ilipofika saa kumi na mbili kasoro dakika tatu akampita wa tatu, kijana kutoka Uvira, na kipaza sauti kikasema timu ya mwalimu Léopold imerudi ya tatu. Euphrasie aliyesikia hayo pale mstarini alilitoa shati kikapuni na kulikung'uta.

Basi akaja kwenye kona ya ofisi. Zilibaki hatua mia mbili. Saa ya mkononi ya msimamizi wa kona ikafika kumi na mbili kamili, naye akapuliza filimbi.

Modeste hakufikiri. Angefikiria nini? Saa kumi na mbili, filimbi, na mlingoti uko hapo mbele yake na bendera juu. Miguu yake ilifanya ilichofanya kila jioni. Akashika breki, akazima injini, akashuka, akaiegemeza pikipiki kwenye mkaratusi, akavua kofia, akasimama wima.

Watu waliokuwa kwenye kona walimwona. Wengi wao hawakuwa na habari za mkutano wowote, na hata waliozisikia walijiuliza: kama mshindani ameacha mashindano, mimi nani? Wakasimama. Mama mmoja mwenye beseni la nyanya akasimama. Askari wa barabarani akapiga saluti. Msimamizi wa kona mwenyewe, aliyepuliza ile filimbi, aliona umati mzima umekauka, akaanza kujishuku. Akaificha filimbi nyuma, akasimama naye. Kijana wa Uvira alipita akinguruma, na wengine wanne nyuma yake, na kila aliyepita alitazamwa kwa jicho la pembeni kama mtu atakayejuta.

Bendera haikushuka. Modeste aliitazama mpaka shingo ikauma. Alijua meza ya waamuzi iko pale juu, nyuma ya miti, na kwamba dakika zinakwenda, akawa anaiomba bendera moyoni: shuka basi, mama, shuka. Lakini nani atakayekuwa wa kwanza kusogea? Cyprien alikuja mbio kutoka mstarini kumwita, tumbo likiruka. Alipofika kwenye kona akawaona watu wote wamesimama, na yeye aliyejua yote, aliyekuwepo mkutanoni, akasimama vilevile, mguu mmoja mbele, mdomo wazi.

Aliyewakomboa ni mlinzi wa bendera. Alitoka ofisini akitafuna mkate, akakuta watu sabini wanautazama mlingoti wake. Mkate ukamkwama. Akaitazama saa yake mara mbili.

"Bado," alisema. "Bado dakika ishirini. Munaangalia nini?"

Pale watu walipopumua ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na moja.

Cyprien alimshika Modeste mkono, wakapanda mbio kwa miguu mpaka kwenye meza, pikipiki wakaiacha kwenye mkaratusi. Mezani alikaa Théodore, karani wa mahakama, mtu wa haki kiasi cha kuchosha, aliyeombwa kila mwaka kuandika mizunguko kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Alikuwa amekwisha kupiga mstari chini ya daftari. Kando ya jina la timu aliandika kwamba haikumaliza. Léopold alimwuliza Modeste, kwa sauti ya mwalimu anayetaka kulia, ni kitu gani kilimsimamisha.

"Ilikuwa saa kumi na mbili," Modeste alisema. "Filimbi ililia."

"Lakini ku réunion walisema drapeau itashuka na nusu."

"Nani aliniambia?"

Léopold akakifungua kiganja chake, akakitazama. Kilikuwa na wino wa bluu uliovuruguka na hakuna neno hata moja.

Yangeishia hapo yangekuwa machungu ya kawaida. Lakini mgeni wa heshima siku ile alikuwa Balagizi, mwakilishi wa chama, mwanamume wa abakosti ya kijivu, ile suti isiyo na tai, aliyekuwa akitafuta tangu asubuhi jambo la kusemea. Alipopashwa habari za kwenye kona aliona Mungu amemfungulia mlango. Majina ya washindi yakasomwa upesi upesi. Kisha yeye mwenyewe akachukua kipaza sauti, akazungumza kuhusu raia aliyetupa ushindi wake chini kwa ajili ya bendera, na akaita: "Citoyen Zihindula." Modeste akapandishwa jukwaani na fulana yake ya mafuta, maana shati jeupe alikataa kulivaa. Akapewa cheti cha uzalendo, chenye muhuri bado mbichi. Watu walipiga makofi kuliko walivyowapigia washindi.

Miaka mitatu alikuwa amelisubiri jina lake kwenye kile kipaza sauti. Likasomwa, na lilisomwa kwa sababu alisimama. Alishuka akiwa na hasira ambayo hakujua pa kuiweka. Hakumkasirikia Léopold tena, wala Cyprien. Alizikasirikia zile hatua mia mbili. Akampa Euphrasie cheti, akamwambia anakwenda kuchukua pikipiki.

Alifika kwenye mkaratusi, akaishika mikono ya pikipiki, na filimbi ikalia. Saa kumi na mbili na nusu. Mara hii ilikuwa kweli. Mlinzi alikuwa na kamba mkononi, bendera ikaanza kushuka, na kutoka pale konani mpaka juu kwenye mstari watu wote waligeuka sanamu: wauza karanga, washindi na vikombe vyao, Balagizi na mkono kifuani. Barabara iliyokuwa imejaa watu ilikuwa wazi katikati. Watu walikuwa wamesogea pembeni, wakasimama hapohapo. Hakukuwa na mtu aliyeweza kumzuia mwingine.

Modeste aliitazama ile bendera. Akavaa kofia ya kupandia, akaifunga kamba kidevuni, akapiga teke.

Injini iliwaka kwa teke la kwanza, jambo ambalo haikuwahi kulifanya tangu itoke Luvungi. Akapita mbele ya mlinzi, ambaye mikono yake ilikuwa kwenye kamba na hakuthubutu kuiachia. Akapita katikati ya watu sabini waliosimama. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alimpita askari na saluti yake. Alimpita Léopold aliyenyooka kama mistari yake ya ubaoni. Alimpita Euphrasie ameshika cheti kifuani, machozi yanamshuka na hawezi kuyafuta. Akavuka mstari. Théodore alikuwa amesimama nyuma ya meza, kalamu mkononi, wino umejaa, daftari liko wazi mbele yake, na hakuweza kuinamisha hata kichwa.

Aliendelea moja kwa moja, hakusimama mpaka Kadutu.

Jumatatu waliitwa wote kwenye ofisi ya chama. Balagizi alikuwa na sura ya mtu asiyelala. Kosa lenyewe lingetosha kumpoteza aliyelitenda, na kwa kuwa aliyelitenda huenda ni yuleyule aliyepewa cheti dakika kumi kabla, lingempoteza vilevile aliyemkabidhi. Aliuliza kila mmoja kama aliona pikipiki ikipita. Mlinzi akasema yeye macho yake yako kwa bendera, ndiyo kazi yake. Askari akasema hivyohivyo. Cyprien, Léopold, mama wa nyanya, mmoja baada ya mwingine, wote walikuwa wanatazama bendera. Euphrasie alisema hivyo pia, bila kupepesa. Ngurumo waliisikia? Labda ilikuwa radi ya ng'ambo ya ziwa. Katikati ya kiangazi, naam, radi.

Aliyeandika majibu yao alikuwa Théodore, kwa sababu ya mwandiko wake. Aliandika bila kuinua uso.

Wa mwisho aliitwa Modeste. Katika macho ya Balagizi hapakuwa na vitisho, palikuwa na ombi.

"Na weye, citoyen? Saa ile ulikuwa unafanya nini?"

Modeste alikuwa amekuja na jibu lake. Alitembea nalo kutoka Kadutu: nilikuwa namaliza, mimi ni wa tatu, andikeni. Akaangalia kalamu ya Théodore imesimama juu ya karatasi, inangoja. Akaangalia mlangoni ambako mke wake na wenzake walikuwa wamesimama, watu waliokwisha kudanganya kwa ajili yake mmoja mmoja, na ambao neno lake moja lingewatia wote ndani.

"Nilikuwa nimesimama," alisema. "Nilikuwa naangalia drapeau."

Balagizi akashusha pumzi. Théodore akaandika sentensi ile kwa mwandiko wake mzuri, akaikausha kwa karatasi ya wino, akaigeuza, akamwonyesha pa kutia sahihi. Modeste akachukua kalamu, na kwa vidole vyake vyeusi akaandika jina lake, lote, polepole.